Mkebe wa Dawa wa Mafundi wa Gerezani

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba wanangu. Sasa kaeni vizuri, maana leo nataka kugombana nanyi kidogo.

Jumamosi nilikwenda duka la dawa, mtaa wa pili kutoka hapa ninapokaa Kariakoo, kuchukua vidonge vyangu vya presha. Mbele yangu alisimama kijana nadhifu, simu kubwa mkononi, viatu vinang'aa. Akamwambia muuzaji, "Dada, nipe zile za rangi mbili, nne tu, koo linanisumbua." Nne tu! Kama mtu anayenunua pipi. Nikamuuliza, "Nani kakuandikia, mwanangu?" Akacheka kwa adabu. "Shikamoo bibi. Aa, hizi nazijua, huwa zinanisaidia." Muuzaji naye akachukua mkasi, akakata zile nne, akatia kwenye kibahasha, kijana akaondoka zake. Nilibaki nimesimama na hasira mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kiti.

Hasira hiyo haikuanza Jumamosi. Ina umri mkubwa kuliko huyo kijana. Mimi ni muuguzi mstaafu. Jina langu ni Aikande, ila kwa kuwa liliwashinda wengi wa mjini, miaka yangu yote ya kazi niliitwa Sista Aika. Nilifanya kazi kwenye zahanati moja upande wa Gerezani, chumba cha sindano na vidonda, enzi za Ujamaa. Hili mnalolisikia siku hizi kwenye redio, kwamba vijidudu vimekuwa sugu na dawa haziviui tena, mnadhani ni habari mpya. Mimi nililikuta kwenye kiganja cha mtu mmoja, fundi bati, wazazi wa wengi wenu wakiwa bado hawajajuana. Nitawaambia habari za kiganja hicho, lakini mnivumilie, mzee akianza kusimulia kazi yake hapiti njia ya mkato.

Chumba chetu kilikuwa na meza mbili, jiko la mafuta ya taa na sufuria ya kuchemshia mabomba ya sindano. Msicheke. Hatukuwa na sindano za kuchoma mara moja na kutupa. Mabomba yalikuwa ya kioo, sindano zenyewe za chuma, na kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuzinoa ncha kwenye jiwe. Ukishanoa unaiburuta juu ya pamba. Ikinasa nyuzi, bado ina kijino, irudishe kwenye jiwe. Muuguzi mvivu alijulikana kwa vilio vya wagonjwa wake.

Dawa iliyotawala ilikuwa PPF, penisilini ya unga mweupe tuliyoikoroga kwa maji safi. Ukishaikoroga usianze kupiga soga. Choma hapo hapo, maana ikituama inaziba sindano, na mgonjwa ameshashusha suruali. Ilinitokea kwa hamali mmoja wa sokoni, mtu wa miraba minne anayebeba gunia la mchele kama mto wa kulalia. Nikachoma, ikaziba. Nikabadilisha sindano, nikachoma, ikaziba tena. Nilipokuja na ya tatu akageuza shingo taratibu akaniambia, "Sista, kama unanishona niambie, nikakununulie na uzi." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka, na sindano ya tatu ikapita.

Watu waliipenda sindano kupita kiasi. Mtu asiyechomwa alijiona hajatibiwa. Umwambie mafua yataondoka yenyewe, anakuangalia kama umemnyima haki yake. Akitoka hapo anapita vichochoro vya Kariakoo, anakutana na walanguzi wanaouza vidonge pamoja na vifungo na nyembe, ananunua vichache vya rangi mbili, anameza viwili, anajisikia nafuu ambayo angeipata hata bila kumeza, na tangu siku hiyo hakuna wa kumwambia kitu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mganga wetu wa zahanati, Mzee Kaspari, Mngoni mrefu wa Songea aliyetembea ameinama kidogo kwa sababu milango yetu ilijengwa kwa ajili ya watu wafupi. Mkali huyo! Ukinawa mikono haraka haraka anakurudisha. "Aika, umeilowesha, hujainawa." Kwenye vidonda alikuwa na sheria moja asiyoivunja: usaha kwanza, dawa baadaye. Jipu limejaa, mgonjwa anaomba sindano, mimi nimeshashika bomba, yeye ananizuia. "Hiyo dawa itapitia wapi? Ndani ya usaha hakuna mishipa. Toa uchafu, safisha, halafu dawa ikute kazi nyepesi." Wanangu wauguzi, hilo halijabadilika. Mna mashine nzuri, mna dawa zenye majina marefu, lakini jipu bado linataka kupasuliwa kwanza.

Sasa niwaeleze jambo ambalo msipolijua hamtauelewa mkebe nitakaowatajia. Miaka ile kila kitu kilikuwa adimu. Sukari, unga, khanga, betri za tochi, vyote foleni. Ukiona foleni unaunga kwanza, halafu ndipo unauliza wanatoa nini. Na ukikipata hukimalizi. Nusu unatumia, nusu unaweka, na jirani akikwama unamkatia. Tulilelewa hivyo, na siidharau hata leo, maana ndivyo tulivyovuka. Ila watu waliifanyia dawa vile vile. Mama anapewa dozi ya mtoto mmoja. Siku ya pili homa imeshuka, anafunga vidonge vilivyobaki kwenye pindo la khanga vimsubiri atakayeumwa kesho. Au nyumbani wanakohoa watatu, basi anawagawia, kila mtoto fungu lake, haki sawa. Ukimgombeza anakushangaa kweli kweli. "Sista, ulitaka nimpe mmoja wengine wanaangalia?" Hakuwa mjinga. Alikuwa mama mwema, na wema wake ndio uliokuwa unatuchimbia shimo.

Pale Gerezani, karibu na reli, kulikuwa na banda la ushirika wa mafundi bati. Walikuwa wakikata mapipa chakavu wanatengeneza majiko ya mkaa, ndoo, karai na masanduku ya wanafunzi. Ukipita hapo asubuhi huwezi kusikizana na mwenzako kwa makelele ya nyundo. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Mbwambo, Mpare, na mimi Mchaga, kwa hiyo watani. Nikitokeza tu anapaza sauti, "Ficheni nyundo, Mchaga amefika, atazitia bei!" Nami namjibu, "Mpare na nyundo wapi na wapi, wewe si ungeuza banda ili uendeshe kesi?" Tunacheka, ananipa kigoda.

Ukutani kwenye banda hilo ulining'inia mkebe mkubwa uliokuwa wa misumari. Ndani yake mlikuwa na dawa. Kila mwanachama aliyeandikiwa dozi akapata nafuu alileta zilizobaki akazimimina humo. Nyekundu, nyeupe, za njano, za rangi mbili, zote pamoja, mali ya wote. Fundi akijikata anashusha mkebe, anafungua kidonge cha rangi mbili, ule unga anaumwaga juu ya kidonda, anafunga kitambaa, cha pili anameza, anarudi kwenye nyundo. Mzee Mbwambo aliuonea fahari mkebe ule. Aliwaonyesha wageni. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba ni hatari, alidhani ni utani wetu wa kila siku.

Fundi wao hodari aliitwa Rashidi. Alitoka Newala, mpole, si msemaji, lakini akikunja bati utadhani anakunja karatasi. Ndoo yake haikuvuja. Alipanga chumba kimoja Buguruni pamoja na mkewe, Mama Zaituni, na binti yao, huyo Zaituni mwenyewe, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Siku moja bati liliteleza likamchana kiganja cha mkono wa kulia. Akafanya kama walivyofanya wote: unga juu, kitambaa, kidonge kimoja mdomoni. Kukauka, kidonda kilikauka. Kilifanya kigaga kizuri kigumu, akawa anakionyesha. Kumbe kigaga kile kilikuwa kifuniko tu, chini yake sufuria inachemka.

Alikuja zahanati vidole vimeshindwa kukunjika. Mzee Kaspari alikipasua kile kigaga, na usaha uliotoka sitausimulia, huenda mmoja wenu hajala. Tukamwanzishia PPF. Sindano za mwanzo zikampunguzia maumivu, basi bwana mkubwa akaacha kuja. Kazi zimerundikana, majiko yanangojwa. Aliporudi, mkono ulikuwa umevimba mpaka juu ya kiganja, unawaka moto. Safari hii alichomwa zote, hakukosa hata moja, mimi mwenyewe nilimsimamia. Haikusaidia. Nakumbuka nimeshika mkono ule kila asubuhi, nikitafuta dalili ndogo tu ya nafuu, na wekundu unazidi kupanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona PPF inashindwa namna ile, na niliogopa.

Mzee Kaspari akaniambia nimsindikize Rashidi hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa maneno machache. Akauminya mkono, akaugeuza, akaweka kidole kwenye kifundo cha mkono. "Wekundu huu ukipita hapa nitaukata, ili wewe ubaki."

Rashidi akamwangalia. "Dakta, wenzangu wana mashamba huko Newala. Mimi shamba langu ndio mkono huu."

"Najua," daktari akasema. "Ndiyo maana bado sijachukua kisu." Akachukua usaha kwa kijiti cha pamba, akaupeleka maabara, na yeye Rashidi akalazwa.

Maabara kulikuwa na mtaalamu aliyeitwa Mapunda. Nilimsumbua sana yule bwana. Kila nikitoka zamu napita kuuliza majibu, mpaka akanizoea, na yalipotoka hakunipa karatasi, alinivuta mkono niingie ndani. "Njoo uone mwenyewe, Sista." Akanionyesha kisahani kipana cha kioo chenye kitu kama uji mzito ulioganda. Juu yake vijidudu kutoka mkono wa Rashidi vilikuwa vimeota vikafanya utando, na hapa na pale aliweka viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowa dawa yake.

"Dawa inayofanya kazi," akasema, "inafukuza wadudu, inabaki duara tupu kuizunguka. Haya, hii penisilini. Unaona uwazi?"

Sikuona. Utando ulikuwa umefika mpaka kwenye karatasi yenyewe.

"Hii ndiyo ile ya rangi mbili. Unaona?"

Nayo hivyo hivyo. Wamejaa mpaka ukingoni, hawana habari. Alipita karatasi moja baada ya nyingine, na penye karatasi moja tu ya kule pembeni palikuwa na duara safi. "Kloksasilini," Mapunda akasema. "Imebaki hii. Wadudu hawa wameshakutana na hizo nyingine, tena kidogo kidogo, mpaka wamezijua. Sijui alizipata wapi."

Mimi nilijua. Niliuona mkebe mbele ya macho yangu, umening'inia ukutani.

Wengi huwa wananiuliza inakuwaje kijidudu kisicho na kichwa kikajifunza. Mimi huwaeleza hivi. Ukimkamata mwizi ukampiga kofi moja ukamwachia, kesho anarudi, na sasa anajua mlango ulipo. Dozi nusu ni kofi moja. Inaua walegevu, inawaacha wabishi, na wabishi ndio wanaozaana. Halafu hawabaki kwako. Wanahamia kwa mkeo, kwa mwanao, kwa fundi uliyempa mkono asubuhi. Kwa hiyo usiniambie mwili ni wako na dawa umenunua mwenyewe. Hapo ndipo huwa napandisha sauti.

Daktari alimpasua Rashidi kiganja akakisafisha, akamwanzishia ile dawa moja. Homa ikashuka. Wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa wanalala wawili wawili, kwa hiyo alipopata nguvu aliruhusiwa, akabidhiwa vidonge vya kumalizia kwenye chupa. Daktari aliniita pembeni. "Sista, hivi ndivyo tulivyo navyo. Sijui shehena nyingine itakuja lini. Akikatiza, mkono utarudi hapa, na mimi sitakuwa na kitu cha kumpa zaidi ya msumeno."

Nikasema sawa. Nilifikiri kazi kubwa imekwisha. Asubuhi iliyofuata nilipita bandani kwa mafundi kuona anaendeleaje, nikamkuta Mzee Mbwambo ameshashusha mkebe na chupa ya Rashidi iko mkononi mwake, kifuniko kimefunguliwa. Fundi mmoja alikuwa na jipu mgongoni, mwingine mkewe anaumwa ziwa. Wamesikia imekuja dawa kali kutoka hospitali kubwa, na Rashidi, kwa ule upole wake, ameitoa. Yaani ningechelewa kidogo tu, vidonge vile vingekuwa ndani ya mkebe.

Nilipiga ukelele mpaka nyundo zikanyamaza.

"Sista, kulikoni?" Mzee Mbwambo akasema. "Hapa kila kitu ni cha wote."

"Hiyo si ya wote. Ni ya Rashidi peke yake, mpaka kidonge cha mwisho."

Fundi mwenye jipu akadakia, "Ndugu zangu mnamsikia? Sista anatuletea ubepari!" Wakaangua kicheko, lakini mwenyekiti hakucheka. Jambo lilikuwa limegusa ushirika, na jambo la ushirika linaamuliwa kikaoni. Akagonga pipa, wanachama wakakusanyika, nami nikasimamishwa katikati na sare yangu nyeupe kama mshitakiwa.

Sikuwa mzungumzaji wa mikutano. Ila nilikuwa na hasira, na hasira ilinisaidia. Nikamwambia Rashidi afungue bandeji. Nikawaambia wausogelee ule mkono, wauangalie vizuri, wasigeuze uso. Nikawaeleza kisahani cha Mapunda, jinsi dawa zote za kwenye mkebe zilivyoshindwa. "Mkigawana hii moja iliyobaki," nikasema, "kila mmoja atapata kidogo, hakuna atakayepona, na wadudu wenu nyote wataizoea. Huyu mtamrudisha hospitali akakatwe mkono. Halafu siku mmoja wenu akichanwa na bati, mtampa nini?"

Mzee Mbwambo akauliza polepole, "Kwa hiyo sisi tumsaidieje? Tukae tunamtazama anameza?"

"Ndio hasa!" nikasema. "Mtazameni anameza. Dawa haigawanyiki, lakini kazi ya kumlinda mpaka amalize inagawanyika. Hiyo gawaneni mpaka mchoke."

Mwenye jipu akaniuliza, na yeye je? Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia aje zahanati mchana huo huo, Mzee Kaspari ampasue, na mke wa mwenzake aje aonwe naye, kila mtu na ugonjwa wake na dawa yake. Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Wakanyoosha, wengine shingo upande. Rashidi naye akanyoosha, akiwa wa mwisho, kwa mkono wa kushoto.

Watu wale walipoamua jambo waliamua. Vidonge vile vinataka tumbo tupu, kwa hiyo chai ya ushirika haikumiminwa mpaka Rashidi ameze kwanza, na kulikuwa na wanaume wazima waliomsimamia kwa ukali kwa sababu ya vikombe vyao. Dozi za nyumbani zilisimamiwa na balozi wao wa nyumba kumi huko Buguruni, ambaye Mzee Mbwambo alimfuata mwenyewe kumweleza. Balozi akaifanya kazi hiyo kama ya serikali. Mama Zaituni aliniambia kwamba mzee huyo aligonga mlango kila alfajiri, akasema, "Meza, nikuone, sina muda," akaondoka. Mimi nilifunga kidonda kila siku. Nilisafisha, nikachungulia, nikanusa bandeji kama alivyonifundisha Mzee Kaspari, na safari hii wekundu ulikuwa unashuka.

Mkebe niliubeba mwenyewe hadi zahanati, tukazichoma zile dawa kwenye tanuri la takataka. Ninyi msichome majumbani wala msitupe chooni. Dawa zilizoharibika au kubaki zirudisheni kituo cha afya, wanajua pa kuzipeleka.

Msidhani baada ya hapo nilishinda kila pambano. Nilimpoteza mama mmoja wa mtaa wa jirani, alijifungua salama, akapata homa, nyumbani wakamnunulia vidonge vichache vya kichochoroni, vilipokwisha wakanunua vingine vya aina nyingine. Alipoletwa kwetu alikuwa hatambui mtu. Nililia siku hiyo mbele ya wagonjwa, na Mzee Kaspari hakunikataza. Alinipa kitambaa, akaniambia nikimaliza ninawe, kuna watoto nje wanasubiri. Nikanawa, nikaendelea. Ndiyo kazi yenyewe. Unalia, unanawa, unaita anayefuata. Na mimi tangu hapo nikaapa kwamba hakuna mtu atakayetoka mlangoni kwangu na dawa bila kunirudishia kwa mdomo wake atameza nini, lini, na kwamba atamaliza. Waliniita Sista Kero. Nililipenda jina hilo.

Leo mna mambo mengi kuliko sisi. Maabara zipo, simu zinaweza kukukumbusha saa ya dawa, maduka ya dawa yana viyoyozi. Lakini mfugaji wa kuku anawatilia dawa za binadamu kwenye maji ya kunywa ili wasife kabla ya sikukuu, na mhitimu wa chuo anakatiwa vidonge kwa mkasi. Mapunda siku zile alinionyesha duara moja safi kwenye kisahani. Vijana wa maabara wa leo wananiambia wapo wagonjwa ambao kisahani chao hakina duara hata moja. Hilo ndilo linaloninyima raha. Sisi tulikosa dawa kwa sababu meli haikuleta. Ninyi mtazikosa zikiwa zimejaa rafuni.

Basi nimalizie ya Rashidi. Jioni moja, vidonge vimekaribia kwisha, nilikwenda Buguruni kumfunga kidonda maana siku hiyo hakuonekana bandani. Nilipoingia uani nilisikia mtoto analia. Zaituni alikuwa ameanguka kwenye mawe, goti limechubuka vibaya, damu na mchanga. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele yake, chupa iko wazi pembeni, na mkononi ameshika kidonge kimoja kwa vidole viwili, tayari kukifungua amwage unga. Rashidi alisimama mlangoni anamtazama. Hakuna kati yao aliyeniona.

"Kimoja tu, Baba Zaituni," mkewe akasema. "Wewe umeshapona. Mtazame mwanao."

Nilitaka kusema. Nikajizuia, maana mimi pia nina watoto, na najua ilivyo kumnyima mtoto kitu kilichopo mkononi. Rashidi alisogea. Alinyoosha ule mkono wa kulia, vidole viwili vikiwa vimekakamaa, havikunyooka tena maishani mwake, akakichukua kidonge taratibu kutoka kwa mkewe. Akakitia mdomoni. Hakusubiri hata maji. Alimeza mtoto akimwangalia, na machozi yakamtoka mtu yule ambaye hakulia hata alipoambiwa mkono wake utakatwa.

Mama Zaituni aligeuza uso asimtazame. Ndipo nilipobisha hodi, nikasogea, nikalitazama goti. Lilikuwa la kuosha tu, halikuhitaji dawa yoyote. Nikawaambia maji yaliyochemshwa na sabuni. Nikainama nimwoshe, lakini Rashidi akanisogeza kwa bega. Alikaa chini, akampakata binti yake, akachovya mkono wake wa kulia kwenye karai alilolitengeneza mwenyewe, akaanza kuutoa mchanga punje kwa punje, na mtoto akapunguza kulia, akabaki anafanya kwikwi na kuutazama mkono wa baba yake. Maji yalipochafuka, Rashidi alimwinulia mkewe karai.

"Mama Zaituni," akasema, "niletee mengine."